Kasi Iliyoandikwa Juu ya Kasha

Katika mambo yanayowashughulisha vijana wetu wanaounda kompyuta za mezani kwa mikono yao, kisha wakazisukuma zifanye kazi kwa kasi ipitayo ile aliyoikadiria mtengenezaji, hakuna jambo ambalo hulitolea fedha kwa pupa na kulitafakari kwa uchache kama kumbukumbu, yaani ile ramu inayochomekwa kwa vipande virefu vyembamba ubavuni mwa prosesa; kwani mnunuzi aingiapo dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, huiona namba kubwa iliyochapwa juu ya kasha, 3600 au 6000, akadhani kwamba hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe, na kwamba aliyepata namba kubwa zaidi amekwisha kumpita mwenzake. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Nasema kwamba namba ile ni dai tu mpaka lithibitike ndani ya kompyuta ya mnunuzi mwenyewe, kwamba nusu ya habari imeandikwa kwa herufi ndogo ambazo hazisomwi, na kwamba sifa ya kwanza ya kumbukumbu ni kukirudisha kilichowekwa kama kilivyowekwa, ndipo kasi ifuate.

Tuanze na hesabu. Mwanzoni mwa karne hii kumbukumbu iliyosifiwa mno na wapenda kasi ilikuwa DDR-400 ya CL2, maana yake kwamba ikiombwa data huanza kuitoa baada ya mapigo 2 ya saa yake, nayo saa hiyo ilikwenda kwa megahezi 200. Basi ngojea yake ilikuwa nanosekunde 10. Ikaja DDR4-3200 ya CL16, mapigo 16 ya saa ya megahezi 1600, na ngojea yake ni nanosekunde 10. Leo watu wanaisifu DDR5-6000 ya CL30, mapigo 30 ya saa ya megahezi 3000, na mwenye kalamu na karatasi atapata nanosekunde 10 zilezile. Kilichokua ni wingi wa data ipitayo, ambao umetoka gigabaiti 3.2 kwa sekunde katika kipande kimoja ukafika 48, na hilo si jambo dogo kwa anayehariri video au kubana mafaili makubwa. Lakini ile subira ya prosesa kati ya kuomba na kupewa, ambayo ndiyo huamua mambo katika michezo mingi, karibu haikusogea. Anayetaka kulinganisha vipande viwili dukani na aichukue namba ya CL, aizidishe kwa 2000, aigawe kwa namba kubwa ya kasha, naye atagundua kwamba DDR4-3600 ya CL18 humjibu baada ya nanosekunde 10, ilhali DDR4-3200 ya CL14, inayoonekana nyonge kwa namba, humjibu baada ya 8.75.

Sababu ya ukaidi huo imo katika umbile la kumbukumbu yenyewe. Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alipata hataza mwaka 1968 kwa fikira moja nyepesi mno, ya kuihifadhi kila biti katika kapasita moja ndogo inayolindwa na transista moja. Intel ikafuata mwaka 1970 kwa chipu yake ya 1103 iliyobeba biti 1,024, na tangu siku hizo, ijapokuwa kipande kimoja sasa chaweza kubeba gigabaiti 32 na zaidi, asili haikubadilika. Kapasita hiyo ni mtungi uvujao. Hutiwa chaji, nayo chaji hupungua yenyewe, hata ikalazimu kila safu isomwe na kujazwa upya kabla haijasahau. Na hiyo kusoma nayo humwaga kilichokuwamo, kwa hiyo kila kisomwacho sharti kirudishwe mahali pake. Kaida ya JEDEC, baraza la viwango linalofuatwa na watengenezaji wote, yataka katika DDR4 safu zote zihuishwe ndani ya milisekunde 64, na kazi hiyo hufanywa kwa amri moja kila baada ya mikrosekunde 7.8, na katika chipu ya gigabiti 8 kila amri huifunga kumbukumbu kwa muda wa nanosekunde 350, ambao ndani yake haimtumikii mtu. Ukigawa, utaona kwamba takriban 4.5% ya wakati wote wa kumbukumbu hupotea katika kujikumbusha.

Hapo ndipo mabingwa wa kuovakloki, yaani kuisukuma mashine ipite kasi aliyoikadiria mtengenezaji, wanapopata uwanja wao, na hapo ndipo ninapowapa heshima yao, maana wao wameelewa jambo ambalo kasha halilisemi. Muda ule wa kufungwa, unaoandikwa tRFC katika kurasa za bayosi, ile programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta, waweza kupunguzwa katika chipu njema hadi chini ya nanosekunde 200. Na ule wa kungojea kati ya amri na amri, uitwao tREFI, waweza kurefushwa mara nne na zaidi pale ubao mama unaporuhusu. Mabadiliko hayo mawili, ambayo hayamgharimu mtu hata senti, aghalabu huleta faida kubwa kuliko kununua kumbukumbu yenye mia mbili au tatu za ziada juu ya kasha.

Walakini chaji huvuja upesi kadiri joto lizidivyo, na kaida hiyohiyo ya JEDEC yaamuru kwamba chipu ya DDR4 ikipita nyuzi 85 za Selisiasi kuhuishwa kwake kuongezwe maradufu. Anayeurefusha muda wa tREFI anakwenda kinyume kabisa cha amri hiyo, na anaweza kusalimika maadamu chipu zake ni za baridi. Hapa watu wa pwani tuna hesabu yetu peke yetu. Vipimo tunavyovisoma kutoka Ulaya, Marekani na Taiwan hufanywa mara nyingi katika vyumba vilivyopozwa, kompyuta ikiwa wazi juu ya meza. Ilhali kompyuta ya Mombasa, Tanga au Unguja, msimu wa kaskazi, imefungiwa ndani ya kasha lake katika chumba ambacho joto la mchana limepita nyuzi 32, na chini kidogo ya vipande vya kumbukumbu imekaa kadi ya michoro inayovipulizia hewa ya moto. Mipangilio iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mtu wa nchi za baridi, ikajaribiwa hapa saa sita za usiku mwezi wa Julai, yaweza kupita mtihani bila dosari, kisha ikaanza kukosea saa nane za mchana mwezi wa Februari, na mwenyewe asijue kwa nini. Sisemi kwamba mtu wa pwani asiguse kitu. Nasema apime mchana, madirisha yakiwa kama yalivyo siku zote, na kadi ya michoro ikiwa kazini.

Kuhusu uteuzi wenyewe, nitatoa mfano mmoja ambao wengi watautambua, nao ni wa prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 3600, iliyotoka mwaka 2019 na ambayo ingali ikitumikia watu wengi. Ndani ya prosesa hiyo umo mtandao wa mawasiliano uitwao Infinity Fabric, nao hupenda kwenda sambamba na saa ya kumbukumbu, hatua kwa hatua, mpaka kufikia takriban megahezi 1800, yaani DDR4-3600. Ukivuka hapo, kidhibiti cha kumbukumbu hushuka kikaenda kwa nusu ya kasi, na jibu huchelewa. Ndiyo kusema kwamba mtu aliyekwenda kununua DDR4-4400 kwa bei ya juu yumkini anangoja zaidi kuliko jirani yake aliyetosheka na 3600. AMD yenyewe ilipoizindua jamii hiyo ya prosesa iliwaelekeza watu kwenye 3600, na ilipozindua Ryzen 7000 mwaka 2022 ikawaelekeza kwenye DDR5-6000. Kampuni inayouza prosesa inapokwambia usizidi hapa, ijapokuwa haipungukiwi na kitu ukizidi, ni vyema kuisikiliza.

Jambo la idadi ya vipande nitalipitia upesi, kwa kuwa halina utata, ila linapuuzwa ajabu. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa ina mikondo miwili na kila kipande hufungua mmoja. Na kwa anayetegemea michoro iliyomo ndani ya prosesa, kama ile ya Ryzen 5 5600G, ambayo huazima kumbukumbu ileile ya kompyuta, tafauti hiyo huonekana kwa macho katika kila mchezo. Ubao wenye sloti nne hutaka vipande viwili vichomekwe katika ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, na nimekwisha kuona kompyuta ya fedha nyingi ikienda nusu ya nguvu zake kwa sababu fundi aliona vinapendeza vikikaa pamoja. Vinne navyo ni mzigo: Ryzen 7000 imeidhinishwa kwa DDR5-5200 ikiwa na vipande viwili, na kwa 3600 tu ikiwa na vinne. Na anayeongeza vipande vingine viwili baada ya mwaka, vya jina lilelile na namba ileile, asidhani kwamba amenunua ndugu wa vile vya kwanza. Karibu chipu zote za maana hutoka kwa watengenezaji watatu, Samsung, SK hynix na Micron, na wauzaji wa makasha hubadilisha chipu za ndani kwa kadiri ya soko, bila ya kubadilisha maandishi ya nje. Ndiyo maana ile chipu ya Samsung iitwayo B-die, iliyokuwa ikivumilia mapigo mafupi kuliko zote katika zama za DDR4, ilitafutwa na watu kwa kubahatisha, kwa kuwa kasha halikuitaja.

Sasa nifike katika jambo linalonifanya niandike. Kumbukumbu iliyosukumwa kupita uwezo wake si lazima iizime kompyuta. Laiti ingeizima kila mara, tungeshukuru. Mara nyingi hubadilisha biti moja hapa, baada ya saa mbili nyingine kule, na kompyuta ikaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu, huku ile biti iliyogeuka ikiandikwa katika diski pamoja na nyingine zilizo sahihi. Namjua mpiga video za harusi aliyekabidhi kazi yake, na katikati ya nderemo, bibi harusi akiwa anatolewa ndani, picha ikakatika vipande vya rangi ya kijani na zambarau kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikarudi. Akailaumu kamera, akailaumu diski, akanunua diski mpya, na dosari ikahamia katika harusi nyingine. Alipoombwa aiache kompyuta usiku mmoja ifanyiwe mtihani wa Memtest86+, programu inayowaka kutoka kwenye flashi bila ya kuhitaji Windows, mistari myekundu ilianza kujitokeza kabla ya saa moja kwisha. Kumbukumbu ilikuwa nzima. Kasi ndiyo iliyokuwa si yake. Iliporudishwa katika kiwango cha JEDEC ilipita mtihani usiku kucha, lakini nakala za harusi zile mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika, na wapiga ngoma hawaitwi mara ya pili.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya kijana mmoja asiye na bahati. Mwaka 2009 Bianca Schroeder na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu katika kompyuta za Google, ambazo haziovaklokiwi na hulindwa kwa ukaguzi wa ECC, unaoyagundua na kuyasahihisha makosa ya biti, wakakuta kwamba zaidi ya 8% ya vipande huonyesha kosa angalau moja katika mwaka. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walizichungua kompyuta za watu wa kawaida zipatazo milioni 1, wakaona kwamba zilizoongezewa kasi ya prosesa huanguka zaidi kuliko zile zilizoachwa kama zilivyo. Ikiwa kumbukumbu iliyotunzwa, yenye kasi ya kaida, huteleza kiasi hicho, basi ile iliyonyimwa muda wa kujihuisha na kuongezwa volti ina haki ya kutiliwa shaka mpaka ijitakase. Na DDR5, ambayo wauzaji husema ina ECC ndani yake, hujisahihisha ndani ya chipu tu. Data ikiharibika njiani kati ya chipu na prosesa, ulinzi huo hauioni. Anayeishi kwa mafaili ya watu wengine, mpiga video, mhasibu, mchora ramani za nyumba, mimi ningemshauri atoe fedha zake kwa ECC kamili, ambayo mbao nyingi za Ryzen huikubali, na kasi awaachie wanaocheza.

Lipo na suala la insafu. Kasha limeandikwa 6000. Mnunuzi akilichomeka, kompyuta huwaka kwa 4800 au kiwango kingine cha JEDEC, na ili apate alichokinunua yampasa aingie katika bayosi auwashe wasifu uitwao XMP, uliobuniwa na Intel mwaka 2007, au EXPO, ulioletwa na AMD mwaka 2022. Kubonyeza huko kumoja, ambako katika matangazo huonekana kuwa ni haki ya mnunuzi, katika masharti ya watengenezaji wa prosesa huhesabiwa kuwa ni kuovakloki, na hasara itokanayo nako haimo katika dhamana ya prosesa. Na hasara si nadharia tu. Mwaka 2023 zilionekana prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, zilizoungua katika soketi zao, na katika kutafuta sababu ikabainika kwamba mbao mama zilikuwa zikipandisha mno volti ya sehemu iitwayo SoC wasifu wa EXPO ulipowashwa. AMD ikatoa programu mpya ya bayosi inayoizuia volti hiyo isipite 1.3. Mnunuzi hakuwa amefanya ujuvi wowote zaidi ya kutaka namba iliyokuwa juu ya kasha. Mimi sioni kwa nini sheria zetu za kuwalinda wanunuzi, tunazozisikia sana zinapotajwa unga na mafuta ya taa, zisimtake muuzaji achape namba mbili kwa herufi za ukubwa mmoja: ile ya kaida, inayolindwa na dhamana, na ile ya wasifu, isiyolindwa.

Kwa yule ambaye hayo yote hayakumvunja moyo, na simlaumu, kwa kuwa kuna ladha ya kweli katika kuielewa mashine mpaka ikutii, utaratibu wangu si mgeni ila una subira. Kwanza programu ya bayosi iwe mpya. Kisha kumbukumbu ipimwe kwa kasi ya JEDEC usiku kucha kabla ya kuguswa chochote, maana kipande kibovu hakirekebishwi kwa mipangilio. Ndipo uwashwe wasifu, na mtihani urudiwe. Baada ya hapo abadilishe namba moja tu kwa wakati mmoja, aiandike katika daftari, apime; kwani aliyebadilisha nne kwa pamoja akapata kosa hajui aishike ipi. Volti aipandishe mwisho, tena kwa woga: DDR4 kaida yake ni 1.2 na wasifu nyingi hutaka 1.35, DDR5 kaida yake ni 1.1, na kila nyongeza hugeuka joto ambalo nimekwisha kueleza linakokwenda. Kompyuta ya DDR5 ikikaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa baada ya kubadilishwa mipangilio asiizime kwa hofu, kwa kuwa inajizoeza na kumbukumbu yake. Ikikataa kabisa, betri ile ya duara iliyo kwenye ubao ichomolewe umeme ukiwa umekatwa, ingojewe kidogo, irudishwe, na bayosi itasahau yote. Kosa moja katika mtihani wa usiku mzima ni kosa, halina udogo. Na pale umeme ukatikapo mara kwa mara, mtihani uliovunjika saa kumi za alfajiri huanzwa upya, hauunganishwi.

Wanaonunua vipande vilivyokwisha kutumika, nao ni wengi, wana shida zaidi, kwa maana hawajui mwenye kwanza alivifanyia nini. Dawa ni kwenda dukani na flashi yenye Memtest86+ na kumwomba mwenye duka awaazime kompyuta yake kwa saa moja au mbili, kwa kasi ya JEDEC, wala si ya wasifu. Wapo watakaonung'unika kwamba wateja wanasubiri, na wapo watakaosema kwamba kosa moja si neno, litaondoka kikipunguzwa kasi. Kipande kinachokosea kwa kasi ya JEDEC hakina kasi nyingine ya kupunguziwa inayostahili fedha ya mtu, na punguzo la bei lisimshawishi akichukue.